Mkono wa Mbano

Hapana, siyo maji. Nani kakwambia maji? Wendelini Mbano alikufa kitandani kwake, kwa ini, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba umepoa. Mto Lusonga haukumgusa hata ukucha. Watu wanachanganya kwa sababu ya yaliyofuata, maana huyo Mbano alizikwa katikati ya wiki, na Jumamosi yake akaonekana mtoni anashuka na boti. Na Jumamosi iliyofuata. Akaendelea hivyo mpaka masika mawili yakapita. Sasa ukisikia habari ya namna hiyo juu juu tu, lazima utasema ni maji.

Aliyeibeba habari yote kichwani ni Yusto Kihwele, Mhehe wa kule kule korongoni. Mbano alikuwa Mngoni, kwao Songea, alikuja Lusonga kijana, akaoa Mngoni mwenzake, akazalia pale. Na Mhehe na Mngoni, unajua mwenyewe, ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakabaki na kutukanana. Basi hawa wawili walitukanana maisha yao yote, huku wanashusha boti pamoja kwenye lile korongo ambalo zamani hakuna mwingine aliyethubutu kulipita.

Siku moja ya kiangazi Kihwele aliteremka mpaka banda la boti, pale korongo linapoanza, akakuta wageni wamejaa. Walikuwa wamekuja na treni ya asubuhi kutoka Dodoma, ile inayopita juu ya nguzo. Mahema yao yalikuwa yanajisimamisha yenyewe huku na huku, na yale majokofu yao yenye miguu yalikuwa yanawafuata nyuma kama mbuzi. Wengine wa kuvua samaki kule bwawani, wengine wa kupanda miamba, wengi wa boti.

Aliyekuwa anawavalisha majaketi ni Gaudensia, binti wa Mbano.

"Unashuka na nani, kaka?"

"Wenzangu wamesema nichukue Mbano."

"Umewahi kushika kafi?"

"Hata mwiko sijawahi kushika, dada yangu."

"Haya, nyoosha mikono."

Jaketi lenyewe ukiliona ni jaketi la kuelea tu, la rangi ya chungwa, ila lina mikono mirefu mpaka kwenye viganja, na ndani limefumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko nywele. Nyuzi zikishika ngozi mtu anashtuka kidogo, kama aliyemwagiwa maji ya baridi, halafu anatulia. Yule jamaa ambaye hata mwiko hajui akaokota kafi. Akalipima uzito kwa mkono mmoja, akalizungusha kiganjani, halafu akajikuna shingo upande wa kushoto.

Gaudensia akageuka pembeni, akajifanya anatafuta kofia. Baba yake alikuwa anajikuna hivyo hivyo.

Ndivyo yalivyokuwa yale majaketi. Mbano alipokuwa mzima alilivaa moja kutoka mvua mpaka mvua, akawa anashuka nalo na kupanda nalo, nalo linajifunza. Yale liliyojifunza wakayaingiza kwenye mengine. Sasa wewe mgeni ukilivaa, halikupigii kafi. Misuli ni yako, jasho ni lako. Linachofanya ni kuuamsha msuli kabla wewe hujafikiri, kama mama anavyomshika mtoto mkono anapoandika herufi ya kwanza. Unashangaa mwili wako unajua kitu ambacho hujawahi kufundishwa.

Na kwenye miamba vilevile. Huko walikuwa wanavaa na suruali za nyuzi, wanapanda na Mama Sanga, Mkinga mmoja hodari kweli. Yeye yuko hai mpaka leo, anakaanga chapati pale pale kwenye njia ya kushukia, na kila jioni anawaona wageni wake wanateremka wanachechemea mguu wa kulia. Goti lake bovu lile! Wageni wana magoti mazima kabisa, lakini hawawezi kushuka bila kuchechemea. Mama Sanga anacheka mpaka chapati zinaungua.

* * *

Siku ile Kihwele alitangulia na boti yake, bila jaketi la mtu, kama kawaida yake. Nyuma yake wageni kama kumi hivi, wote wamemvaa Mbano, wote wanapiga kafi kwa ule mwendo wake wa kuvuta polepole na kumalizia kwa haraka. Korongo la Lusonga kuta zake zimesimama wima kama za kanisa, ukishaingia hakuna pa kutokea mpaka bwawani. Maji yanapiga kelele, halafu yananyamaza, halafu yanapiga tena. Ukitazama juu unaona mbingu nyembamba tu, na pengine mguu wa mtu anayening'inia kwenye kamba ya Mama Sanga.

Sasa, karibu na mwisho kuna kona. Ukuta wa kushoto pale umepungua kimo, na juu yake ndipo ilipo nyumba ya Mbano. Kuna jiwe pana mbele ya ile nyumba, na juu ya lile jiwe, kila Jumamosi, anakaa mke wake, Skolastika.

Mbano alipokuwa hai, kila akipita kwenye kona ile alikuwa anainua kafi juu kwa mkono wa kushoto, kumsalimia. Hakuna siku alipita bila kuinua. Kwa hiyo na lile jaketi lilijifunza, na wageni wote, watu wa Dodoma, watu wa Mwanza, Wachina, Wasomali, ambao hawamjui Skolastika wala hawajui kama kuna nyumba pale juu, wakifika kwenye kona wanainua kafi. Na yeye anasimama, anapunga khanga. Mpaka wa mwisho anapita. Ndiyo anarudi ndani kupika.

Siku ile wa kwanza akainua, akapita akiyumba. Wa pili akainua, boti ikazunguka, akajiokoa. Wa tatu alikuwa mwalimu mmoja wa kike, mwembamba, mchangamfu. Akainua mkono wake, na maji yakampindua palepale.

Kihwele aligeuza boti akamfuata. Alimkuta ameng'ang'ania mwamba, analia kwa hasira zaidi kuliko maumivu, na bega limetoka mahali pake.

"Niliambiwa nikaze mkono!" mwalimu anasema, meno yanagongana. "Niliukaza, mzee! Ukaenda wenyewe!"

"Najua, mwanangu. Tulia. Usiusogeze."

Kihwele akatazama juu. Skolastika alikuwa amesimama ukingoni mwa jiwe, khanga imemwanguka miguuni, mikono kichwani.

* * *

Mwalimu alipona, tusiogopeshane. Bega lilirudishwa, na mwezi uliofuata alirudi kupanda miamba. Lakini hakuwa wa kwanza kupinduka pale, na mhandisi wa majaketi alisema mwenyewe safari ijayo huenda mtu asilipate jiwe la kushika.

Huyo mhandisi aliitwa Nyangeta, binti wa Musoma, mtu mpole, alikuwa anakula kwa Mama Sanga na kulala kwenye chumba nyuma ya banda. Jumapili aliwaita Kihwele na Gaudensia, wakakaa kwenye boti iliyopinduliwa.

"Tatizo ni bwawa," akasema. "Tangu waliponyanyua ukuta wake, maji yamerudi nyuma mpaka kwenye kona. Mto unakuja na nguvu zake unakuta maji mengine yamekaa. Yanagombana pale, yanazunguka. Zamani palikuwa pametulia, mtu unaweza kuachia mkono mmoja ukasalimia. Sasa hapaachiwi mkono."

"Si umwondolee hiyo salamu tu?" Kihwele akauliza. "Hapo tu. Mengine yote ya Mbano yabaki."

"Nimejaribu, mzee. Nimejaribu wiki tatu. Nikitoa salamu, boti inapita kwenye kona vizuri, halafu chini kidogo inakwenda upande wa kulia, moja kwa moja kwenye miamba." Akasimama, akashika kafi la hewani, akainua mkono wa kushoto. "Angalia kiuno changu. Umeona kilivyogeuka? Mzee Mbano akiinua mkono, kiuno kinageuka, na kiuno ndicho kinachoipeleka boti kushoto. Alisalimia miaka yote hiyo mpaka salamu ikawa ndiyo usukani. Ni kama wavu. Nikikata fundo moja, samaki wote wanapitia hapo."

"Kama goti la Mama Sanga," Gaudensia akasema.

"Kama goti la Mama Sanga."

 Kule nje jokofu la mgeni mmoja lilikuwa limejikwaa kwenye kamba, linapiga miguu.

"Kwa hiyo unataka kumtoa," Kihwele akasema.

"Nataka kumtoa kabisa, na wewe uvae jaketi jipya kuanzia mvua hizi, tujifunze kwako. Mto huu wa sasa unaujua wewe."

"Yaani nimvue rafiki yangu, halafu nikae mimi palepale alipokuwa amekaa yeye."

 Nyangeta alikuwa na adabu. Akasema tu kwamba kwa kanuni za pale, marehemu hatolewi mpaka watu wa nyumbani kwake watamke wenyewe.

"Mama hatatamka," Gaudensia akasema. "Nimemuuliza jana usiku. Anasema neno la kumtoa mtu matangani siyo lake, ni la mtani. Kwa hiyo ni wewe, Mzee Kihwele. Anakusubiri wewe."

Hapo ndipo Kihwele alipoona amebanwa. Maana kwao ni kweli. Mngoni akifa, Mhehe anakuja anavaa koti la marehemu, anatembea anavyotembea marehemu, anakohoa anavyokohoa, anamtukana huku watu wanalia, mpaka mjane anacheka bila kupenda. Mjane akishacheka, siku ya kuanua matanga inawekwa, watu wanakula, basi, maisha yanaendelea. Na siku ya kuanua matanga ya Mbano iliwekwa kweli. Watu walifika, sufuria zikawa jikoni, na Kihwele yuko ndani ya koti tayari. Sasa ile wanataka kuanza, wageni wakapita kule chini na boti, mikono ikainuka. Skolastika akaacha watu, akaenda kwenye jiwe, akapunga khanga. Aliporudi akasema: matanga ya nani mnaanua? Mtu si huyo anapita? Watu wakachukua chakula kwenye vyombo wakaenda kula makwao.

Tangu hapo matanga yalikaa wazi. Na Gaudensia alikuwa ameposwa na kijana wa watu wa Songea, fundi wa treni. Wakwe wakaleta ujumbe wa heshima kabisa, kwamba mchumba wanampenda, lakini hawawezi kumtoa binti kwenye nyumba ambayo msiba haujaisha. Wanasubiri. Kijana naye anasubiri. Unaona sasa mkono mmoja ulivyoshika watu wengi.

* * *

Kihwele akapanda kwa Skolastika jioni, jua bado liko juu ya ukuta wa korongo. Alimkuta anachambua majani ya maboga.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mbwa nimemfunga nyuma ya nyumba, usijisumbue kumtafuta."

"Mbwa wa Kingoni ana nyama gani? Nimekuja kuwapa pole panya wako. Nimeona njiani mmewala, wamebaki wawili, wanatetemeka."

Skolastika akatabasamu kwa mdomo, macho hayakutabasamu. Akamsogezea kigoda.

"Yule mwalimu vipi?"

"Anaendelea vizuri. Bega limerudi."

"Nilimwona anaanguka, Kihwele. Aliniangalia usoni kabisa. Mtoto wa watu ananisalimia, maji yanamchukua." Akachambua jani moja kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. "Usidhani mimi ni mjinga. Watu wanadhani nadhani ni yeye. Najua ni uzi. Gauda amenieleza, yule binti wa Musoma amenieleza na picha. Nimeelewa. Lakini hebu wewe niambie. Wendelini alipokuwa hai, alipokuwa anainua lile kafi, unafikiri kila siku alikuwa ananifikiria mimi?"

"Siku nyingine alikuwa anafikiria pombe ya ulanzi."

"Eeh! Siku nyingine tumegombana asubuhi, hataki hata kuniona. Mkono ulikuwa unainuka hivyo hivyo. Na mimi nilikuwa naupokea. Sasa kama niliupokea wakati ule bila kuuliza moyo uko wapi, kwa nini leo niukatae?"

  Kihwele akakaa anaangalia mto ulivyokuwa unazunguka pale chini kwenye kona, kama mtu anayekoroga chungu.

"Kuna njia moja," akasema mwishowe. "Nimvae mimi. Sijawahi kumvaa. Mgeni hawezi kumzuia kwa sababu mgeni haujui mto, mwili wake unamsikiliza Mbano kwa kila kitu. Mimi mto naujua. Nikifika hapo naukaza mkono, nageuza kiuno peke yake. Nikiweza, Nyangeta atalifundisha jaketi nilivyokaza. Mbano anabaki, na watu hawaanguki."

"Na salamu?"

Kihwele akakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. "Salamu haitakuwepo."

"Kwa hiyo apite tu kama basi la shule."

"Lakini atakuwa anapita, mama."

Skolastika akakusanya majani yake. "Nenda kajaribu," akasema. "Mimi nitakuwa kwenye jiwe."

* * *

Asubuhi Gaudensia alimvalisha. 

"Unashuka na nani, mzee?" akauliza, kwa mazoea tu, halafu akaziba mdomo.

"Na yule mpumbavu," Kihwele akasema.

Nyuzi zikashika. Ule ubaridi, halafu utulivu. Kihwele alikuwa amejiandaa kwa mambo makubwa, pengine sauti, pengine machozi. Kilichokuja ni mwasho shingoni, upande wa kushoto. Akajikuna. Akaanza kucheka peke yake kama mwehu.

"Wendelini," akasema akiwa anaisukuma boti majini, "kumbe ulikuwa unajikuna kwa sababu ya kola! Muda wote ule nilidhani ni uchafu."

Akashuka. Nyangeta alikuwa anamfuatilia kutoka banda la boti kwa kioo chake cha mkononi, na alisema baadaye kwamba mzee hakunyamaza hata dakika moja. Alikuwa anatukana. Anavuta kafi kwa mwendo wa Mbano na kumtukana Mbano kwa sauti, korongo zima linarudisha.

"Unavuta kama mtu anakoroga pombe! Nani alikufundisha, bibi yako? Aha, hapa unaogopa, eeh? Ulikuwa unajidai huogopi, sasa nakusikia tumboni! Ndiyo, pinda. Pinda, Mngoni, hii siyo barabara ya Songea!"

Na kweli alikuwa anamsikia. Kwenye poromoko la pili alisikia mwili ukisita pale ambapo yeye Kihwele hajawahi kusita, na ndipo akajua rafiki yake alikuwa anaiogopa sehemu ile miaka yote na hakusema. Kwenye maji matulivu alisikia mabega yakilegea kwa uchovu ambao siyo wake. Mtu umeishi naye, umekula naye, umemzika, na kumbe kuna vyumba vyake hujawahi kuingia.

Akakaribia kona.

Akashika kafi kwa mikono miwili, akakaza vidole, akakaza kiwiko, akakaza bega. Akaona jiwe. Akamwona Skolastika juu ya jiwe, amesimama, khanga ya bluu, mikono chini. Hapungi. Anangoja.

Akakaza tena.

Sasa hapo watu wanabishana mpaka leo. Nyangeta anasema kwa vipimo vyake mkono wa mzee ulikazwa barabara, ila jaketi lilikuwa na nguvu zaidi. Mama Sanga anasema mzee aliachia kwa kupenda. Kihwele mwenyewe ukimuuliza anasema hajui, na mimi namwamini. Anasema alikuwa amekaza kila kitu, halafu akamwona yule mama amesimama vile peke yake na mikono chini, na kabla hajafikiri kafi lilikuwa juu.

Lilipanda mpaka mwisho. Salamu nzima, ya mkono wa kushoto, kama zamani.

Na maji yakampindua kama kikombe.

Aliibuka upande wa pili wa ule mzunguko, kofia hana, kafi hana, anatema maji, amekumbatia tumbo la boti kama mtu anayekumbatia ng'ombe. Na pale juu akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu Mbano augue.

"Mhehe kaoga!" Skolastika alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, anapiga jiwe kwa viganja. "Jamani! Njooni muone! Mhehe kaoga leo!"

"Nitupie kamba, mwanamke!"

"Sabuni je? Nikutupie na sabuni?"

Akacheka mpaka akalala chali. Kicheko kikaenda, kikarudi, kikabadilika kikawa kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. Kihwele naye kule chini, amening'inia kwenye boti, akacheka, akameza maji, akakohoa, akacheka.

Kamba ikaja. Akajifunga, akavutwa mpaka ukingoni, na Skolastika akamshika kwenye ukosi wa jaketi akampandisha juu ya jiwe. Wakakaa wawili wanapumua, maji yanamtiririka.

Skolastika akaushika mkono wa jaketi, ule wa kushoto, akaubonyeza kidogo kama mtu anayepima embe.

"Kama wewe umeanguka," akasema, "watoto wa watu watapona vipi?"

"Nilikaza, mama."

"Nimeona. Yeye ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia acha, ndiyo anafanya." Akaachia mkono. "Mimi ningekaa hapa mpaka nife napunga khanga, na kila Jumamosi naangalia nani atazama. Hiyo siyo salamu tena. Sema lile neno, mtani. Sema sasa hivi nikiwa bado na kicheko, kikiisha sitaweza."

Kihwele akasimama. Alikuwa amelowa, suruali imemganda, ana jeraha kwenye kidevu. Hakuwa na koti la marehemu, lakini alikuwa na jaketi lake. Akatembea kwenye lile jiwe kwa mwendo wa Mbano, tumbo mbele, kisigino cha kulia kinakwaruza, na haikuwa nyuzi, nyuzi zile hazikufika miguuni.

"Wendelini Mbano," akaita kuelekea mtoni. "Mngoni mwenye majivuno. Umekufa, huna habari. Unazurura na watoto wa kike wa Dodoma na mke wako umemwacha juani. Binti yako anazeeka. Mimi umenizamisha mbele ya watu. Umeshasalimia. Tumeitikia. Sasa toka mtoni, ukapumzike, mjinga wewe."

Skolastika akaitikia, "Ametoka."

* * *

Majaketi yalitolewa banda la boti na kutundikwa kwenye kamba, moja moja. Ulikuwa hujui mpaka uyaone pamoja: yote mikono yake ilikuwa imekunjika kidogo kwenye kiwiko, kama ya mtu aliyeshika kafi, hata yakiwa matupu. Nyangeta alimwachia Gaudensia afanye. Gaudensia akapitisha kidude cha kufutia kwenye kifua cha kila jaketi, na mikono ikaanguka ikanyooka, ikawa nguo tu. Alipofika la mwisho alilikumbatia kwanza. Kisha akalipitishia.

Matanga yakaanuliwa Jumapili. Walikuja watu wengi. Wakwe wa Songea walifika na treni, yule kijana fundi amevaa shati jeupe anatoka jasho. Kulikuwa na wali na ugali, nyama ya ng'ombe, kuku, perege wa bwawani waliokaangwa, majani ya maboga kwa karanga, na madumu ya ulanzi kivulini. Mikeka ilitandikwa mbele ya nyumba. Kihwele, kama mtani, alipita jikoni akachukua paja zima la kuku bila kuomba, na hakuna aliyemsema, ni haki yake. Alipokuwa analitafuna Nyangeta akamfuata.

"Mzee, na wewe je? Mvua zimekaribia."

"Nitavaa," Kihwele akasema. "Watu wapite salama. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Siku nikifa, mnitoe kabla wali wa matanga haujaiva. Sitaki mke wangu apungie watu wa Dodoma. Na nyie msije mkasema mzee alikuwa bora, tumwache kidogo. Hata siku moja."

"Nimekusikia, mzee."

"Usinisikie hapa jikoni. Sema mbele ya watu."

Basi Nyangeta akatoka nje, uso umemwiva kwa aibu, akasimama kati ya mikeka akayasema maneno yale yale kwa sauti, mbele ya Wahehe, Wangoni, Mama Sanga na wakwe. Mzee mmoja wa Songea akauliza kama Mhehe naye anaweza kufa, alidhani wanakauka tu. Watu wakaangua kicheko.

Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, lakini hakuna aliyegusa. Walikuwa wanamngoja mwenye nyumba. Skolastika alitoka ndani akiwa amevua nguo za msiba, amevaa gauni la kijani ambalo hata binti yake hakuwa analikumbuka. Akasimama mlangoni akawatazama wote, kama anayehakikisha wako.

"Mbona mnakodoa macho? Chakula kinapoa," akasema. "Sogea huko, Mhehe, umejaza mkeka mzima."

Kihwele akasogea. Gaudensia akamwagia mama yake maji mikononi. Skolastika akakunja miguu, akakaa, akakata tonge, akalichovya, akaliweka mdomoni. Na watu wote wakanyoosha mikono.